Kwadi ya mkanda na kwadi ya gia: dalili, chanzo, na pa kuanzia kabla hujaita fundi

Wakuu, swali ninaloulizwa sana na wenye kwadi (pikipiki za matairi manne), kuanzia wanaozungusha watalii Nungwi na Diani mpaka wenye mashamba, ni ya mkanda (mkanda wa mpira ndo unapeleka nguvu ya injini kwenye matairi) au ya gia ipi haisumbui. Zote zinasumbua, ila kila moja kwa namna yake na hapo ndo hela zinapopotea. Mkanda unalalamika mapema, utasikia harufu, utaona inavuta kivivu, na ukiuwahi unabadilisha mkanda tu kazi inaendelea. Gia zinavumilia kimya kimya miaka, sasa siku zikigoma injini nzima inashushwa chini na kupasuliwa. Kwa hiyo ya mkanda uisikilize, ya gia uikague hata kama haijasema kitu.

Hapa chini nimepanga kwa dalili zinazojirudia, kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana ndo nikashuka kwenye visivyo vya kawaida. Usiruke hatua za mwanzo eti ni rahisi mno, matatizo mengi yanaishia hapohapo.

Kwanza jua yako ni ipi

Usitumie klachi ya mkono kama kipimo, kuna za gia kibao hazina klachi ya mkono. Angalia ubavuni mwa injini, ukiona kava pana la plastiki lina mabomba mazito ya mpira ya kupitisha hewa, na mkono wa gia una High (ya mwendo), Low (ya nguvu, mwendo mdogo), nyutro, rivasi na pengine P ya kuegesha tu, hiyo ni ya mkanda. Polaris Sportsman, Can-Am Outlander, Yamaha Grizzly na CFMoto CForce zote ziko hivyo. Honda ndo wameshikilia gia kwenye Rancher na Foreman zao, nyingine unabadilisha kwa mguu, nyingine kwa vitufe, nyingine inajibadilisha yenyewe. Yamaha Raptor 700 ni gia na klachi ya mkono kama pikipiki. Zile ndogo za Kichina, 110 na 125 mara nyingi ni gia zenye mfumo kama wa pikipiki ndogo zisizo na klachi ya mkono, na za 150 zenye injini ya GY6 ni mkanda, uleule mfumo wa skuta.

Mkanda wenyewe unakaa kwenye puli mbili zinazofunguka na kufunga. Ya mbele ina vizito ndani, resi ikipanda vinatupwa nje vinaibana puli na mkanda unapanda juu, ya nyuma ina springi inayobana kuelekea upande wa pili. Si kitu kipya, DAF wa Uholanzi walionyesha gari lao la mkanda mwaka 1958. Kinachotakiwa ni mkanda mkavu, puli safi na hewa ya kupoza, kimoja kikikosekana matatizo yanaanza. Na nyuma ya hizo puli bado kuna giaboksi ndogo ya High, Low na rivasi ambayo kwenye nyingi ina oili yake peke yake, watu wengi wanaisahau mpaka inaanza kulia.

Onyo kabla hujashika spana: kava la mkanda likiwa wazi USIWASHE injini, hata kwa kuangalia tu kidogo. Mkanda ukikatika kwenye resi unarusha vipande na vidole havioti tena. Na subiri ipoe, puli zikitoka kazini zinaunguza vibaya.

Resi inapanda lakini kwadi haiendi, au inaenda kivivu

Hii ndo malalamiko namba moja. Anza na kujiuliza imetoka wapi. Kama ni ya mkanda na umetoka kupita maji au dimbwi refu, karibu hakika maji yameingia kwenye kava na mkanda unateleza. Simama, weka nyutro, fungua plagi ndogo iliyo chini ya kava maji yatoke, halafu piga resi ya kiasi kwa nusu dakika hivi, upepo wa puli utaukausha. Rudia kama bado. Jaribu kuondoka kwa Low taratibu, ikishika endelea. Ikiwa ni maji ya bahari usiishie hapo, ukifika fungua kava suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa, maana chumvi inakula uso wa puli na baada ya hapo kila mkanda mpya utakaoweka utasagika.

Kama hakuna maji, fungua kava uangalie mkanda. Umekatika? Basi jibu umelipata, resi inapanda bure na gari haisogei hata kidogo. Haujakatika lakini ubavu wake unang'aa kama umepigwa polishi? Umeungua juu juu na unateleza. Pima upana wake, kitabu cha mashine kinakupa kikomo, ukishapungua chini ya hapo ni wa kutupa hata kama macho yanauona mzima. Mkanda uliokonda unazama chini zaidi kwenye puli ya mbele, ndo maana spidi ya mwisho inapotea wakati injini inapiga kelele ileile.

Mkanda mzima na bado kivivu, angalia vile vizito vya puli ya mbele. Kwenye skuta na GY6 ni vidude vya mviringo, vikisagika upande mmoja vinakwama na puli haifungi yote. Kuna kipimo kizuri cha bure: chora mstari kwa mako peni kwenye uso wa puli ya mbele kutoka katikati mpaka ukingoni, funga kava, endesha mpaka spidi ya mwisho sehemu salama, rudi ufungue. Mstari uliofutika unakuonyesha mkanda ulipofika, ukibaki mrefu kule nje ujue mkanda haupandi. Mwisho kabisa kwa GY6 ni viatu vya klachi ya nyuma kuisha.

Sasa kwa ya gia mambo ni tofauti kabisa na watu wanachanganya hapa. Klachi zake zinaogelea kwenye oili, na kwenye nyingi, Honda ikiwemo, oili ya injini ndo hiyohiyo ya gia. Kwa hiyo swali la kwanza ni umeweka oili gani. Oili za gari ndogo nyepesi nyepesi zilizotiwa dawa ya kulainisha ili gari linywe mafuta kidogo zinafanya klachi iteleze, mwaga, weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Wengi wanapona hapa bila kufungua kitu kingine, ingawa ikiwa imeteleza muda mrefu inabidi ubadilishe oili mara mbili ndo ile ya zamani iishe ndani.

Hatua ya pili ni kurekebisha klachi. Kwenye Honda nyingi kuna skrubu na nati ya kufungia ubavuni mwa injini: legeza nati, zungusha skrubu kinyume na saa taratibu mpaka uhisi imegusa imekuwa nzito, irudishe robo mzunguko upande wa saa, ishikilie isisogee ukikaza nati. Za Kichina zinafanana ila kiasi cha kurudisha kinaweza kuwa kidogo zaidi, fuata kitabu chake. Usilazimishe skrubu ikishakuwa nzito, ndani utakunja kitu ambacho kukitoa lazima ufungue kava zima la injini.

Bado inateleza? Angalia inateleza lini. Ikigoma kuondoka lakini ikishakimbia inashika, shuku klachi ya kuondokea, ile inayotanuka kwa resi. Ikiondoka vizuri halafu kwenye kilima gia ya juu resi inaruka bila spidi kuongezeka, sahani za klachi ya kubadilishia zimeisha. Zote mbili ni kufungua kava la injini, kama huna gasketi mpya na spana ya kupima ukazaji mwachie fundi.

Harufu ya mpira unaoungua

Hii ni ya mkanda peke yake, ya gia ikinuka ni harufu ya oili iliyoungua, inachoma pua tofauti. Ukisikia mpira simama SASA, sio ukifika. Mkanda uliosikika mapema unapona, uliolazimishwa unakatika.

Chanzo cha kwanza kabisa ni kutumia High mahali pa Low. Kuvuta kitu, kupanda mwinuko mkali, tope, mchanga wa ufukweni, kwenda mwendo wa miguu muda mrefu, vyote hivyo ni kazi ya Low. Kwenye High mwendo mdogo puli ya mbele haijaubana mkanda sawasawa, unasuguliwa badala ya kuvutwa, na hewa ya kupoza nayo ni ndogo kwa sababu resi iko chini. Jamaa wanaofanya kazi na kwadi kwenye mchanga wa Oman na Dubai wanalijua hili vizuri.

Cha pili kinawahusu sana wenye za kukodisha. Mgeni hajawahi kuendesha, anashika breki na gesi kwa pamoja safari nzima kwa woga, mkanda unapikwa na kiongozi yuko mbele hajui. Kabla ya kuondoka mfundishe kwa maneno mawili, gesi ukiachia ndo ushike breki, na awepo mtu nyuma ya msafara wa kuangalia taa za breki. Nikiwa mkweli, kwa biashara ya watalii bado ningechukua mkanda kwa sababu kila saa anapanda mtu mpya na gia atazikwaruza zote, ila kwa shamba lenye milima na kuvuta trela kila siku ningechukua gia bila kufikiria mara mbili.

Cha tatu ni hewa. Yale mabomba ya mpira yafuatilie mpaka mwisho, utakuta tope limeziba, buibui kajenga, au klipu imelegea inafyonza vumbi la matumbawe moja kwa moja kwenye puli. Kama kuna chujio la hewa ya mkanda lisafishe. Halafu ndo uangalie kama sili ya shafti inavuja oili kwenye puli, ukikuta unyevu wa oili ndani ya kava usibadilishe mkanda kabla hujabadilisha sili, utatupa hela.

Na tafadhali msipake kitu kwenye mkanda. Si grisi, si WD-40, si ile dawa ya mikanda ya gari. Mkanda unaoshwa kwa maji na sabuni basi, puli zinafutwa kwa kitambaa kisafi na spiriti.

Inatetema au inaruka ikianza kuondoka

Ukihisi dundo moja linalojirudia kwa mpangilio, linaongezeka kasi kadiri unavyokimbia, mkanda umeungua sehemu moja na pamekonda. Inatokea pale kwadi imenasa, matairi hayazunguki, mtu anakanyaga gesi, puli inazunguka mkanda umesimama. Hakuna ufundi hapo, ni mkanda mpya.

Ikiwa ni mtetemo wa sekunde chache tu pale inaposhika kisha unatulia, safisha puli kwanza, mara nyingi ni vumbi la mkanda limejaa. Haiponi, mshuku bushi wa puli ya mbele au viatu vya klachi kama ni GY6.

Ya gia ikiruka kwa kugonga "tak!" unapotoa na kurudisha gesi, angalia mambo ya nje kabla ya kuilaumu giaboksi. Cheni imelegea? Sproketi meno yamechongoka? Kama ni ya shafti, shika shafti uitikise kwa mkono, viungo vyake vikicheza badilisha. Hii inahusu na za mkanda pia.

Gia haziingii au rivasi inakwaruza

Ya mkanda: angalia resi ya injini ikiwa imesimama. Ikiwa juu, puli inaubana mkanda hata bila gesi, kwadi inataka kutambaa yenyewe na giaboksi ya nyuma inazunguka wakati unataka kuingiza gia, lazima ikwaruze. Shusha resi ifike inapotakiwa. Halafu angalia fimbo inayounganisha mkono wa gia na giaboksi, zinalegea na kukunjika kwa matuta. Na simama kabisa ndo ubadilishe, hizi si za kubadilisha ukiwa kwenye mwendo.

Ya gia: rekebisho la klachi tena, na oili nzito au chafu. Zile za vitufe anza na betri, yaani betri kabla ya kitu chochote, mota ya kubadilisha gia inakula umeme mwingi na betri ikichoka kidogo tu gia zinagoma wakati taa zinawaka kama kawaida. Safisha vichwa vya betri, pima, jaribu betri nyingine nzima. Zikikataa bado na kioo hakionyeshi uko gia gani, kuna sensa inayosoma mkao wa gia, hapo tafuta fundi mwenye kitabu cha nyaya na sio wa kubahatisha. Rivasi pia ina kizuizi chake makusudi, kuna kitufe au breki lazima ushike kwanza, hakikisha waya wake haujakatika.

Inatoka kwenye gia yenyewe

Kwa ya gia hii ni habari mbaya. Hakikisha tu mguu wa gia haugusi kitu na haujalegea kwenye shafti yake, baada ya hapo ni meno yanayoshikizana ndani yamesagika au uma unaosukuma gia umepinda. Giaboksi iko ndani ya bloku moja na injini, kwa hiyo injini inatoka na inapasuliwa. Acha kuitumia, kila ukiilazimisha vipande vya chuma vinasafiri na oili kwenda kwenye beringi za injini.

Mlio

Mkanda ukipiga kelele nyembamba asubuhi halafu ukanyamaza, ni unyevu. Mlio wa kusaga usiobadilika hata ukiwa nyutro ni beringi. Mlio unaopanda na spidi ya matairi, nenda kwenye difu na beringi za matairi.

Ya gia, fungua plagi ya chini umwage oili kwenye chombo cheupe. Unga laini kidogo kwenye sumaku ya plagi ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu kwa kidole, SIMAMA, hiyo mashine isiwashwe tena mpaka ifunguliwe. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, tafuta yalipoingilia (mara nyingi bomba la kupumulia limechomoka), mwaga, badilisha, endesha kidogo, mwaga tena. Fanya hivi kila ukipita maji marefu hata kama hakuna mlio, ndo ile kukagua niliyosema.

Kwenye mteremko haizuii, inakimbia yenyewe

Kwa mkanda mara nyingi si ugonjwa. Resi ikishuka sana vizito vinarudi ndani, puli inaachia mkanda, kwadi inateremka huru. Yamaha waliweka klachi inayotanuka kwa resi inayouacha mkanda umekazwa muda wote, pamoja na klachi ya njia moja inayofanya injini izuie kwenye mteremko, na baadhi ya nyingine zina mfumo wao wa kuzuia, lakini zipo kibao hazina. Weka Low kabla hujaanza kushuka, gusa gesi kidogo mkanda ushike, halafu breki. Usiweke nyutro kabisa. Kama yako ilikuwa inazuia na sasa imeacha, puli ya nyuma au ile klachi ya njia moja imechoka, na usipeleke watu mlimani mpaka itengenezwe.

Mkanda mpya unakatika tena na tena

Hapa watu wanalaumu mkanda feki, na feki zipo kweli, lakini angalia kwanza mkanda wa mwanzo ulipokatika kama kava lilisafishwa lote. Nyuzi za ndani ya mkanda ni ngumu sana, zikikatika zinajiviringisha kwenye shafti nyuma ya puli ya mbele, zinakata sili, oili inaanza kuvuja taratibu, mkanda mpya unalowa unateleza unaungua unakatika, na mtu ananunua wa tatu. Puli itolewe na nyuzi zote zitoke.

Pili, saizi. Kwenye GY6 namba kama 842-20-30 ina maana urefu milimita 842, upana milimita 20, na pembe ya digrii 30, zote tatu zilingane na wa mwanzo, sio "unakaribiana". Mshale uelekee upande wa kuzungukia, na ukirudisha mkanda wa zamani urudi upande uleule.

Tatu, kilometa kama 50 za mwanzo usiufungulie gesi mpaka mwisho wala kuvuta kitu, uache ukae na puli. Nne, matairi makubwa kuliko ya kiwandani, yanaongeza mzigo wote kwenye mkanda. Vyote viko sawa na bado unakatika, basi puli mbili hazijanyooka au raba zinazoshika injini zimekufa na injini inahama ukikanyaga gesi.

Hapo ndo mwisho wa spana za nyumbani. Kutoa puli ya mbele kwenye baadhi kunahitaji pula (kifaa cha kuivuta itoke) yake maalumu, ukigonga na nyundo unapinda shafti ya injini, na ya nyuma ina springi iliyobanwa ambayo ukifungua bila kuishika inaruka usoni. Mpe fundi mwenye vifaa na umwombe apime mnyooko wa puli ukiwepo.

Na kama umekwama porini ya mkanda inabidi ivutwe, weka nyutro na uhakikishe kweli iko nyutro kwa kuisukuma kwa mkono kwanza, ikivutwa ikiwa kwenye gia matairi yanazungusha puli ya nyuma na mkanda unaharibika njiani. Ya gia nayo nyutro, polepole, masafa mafupi tu, mbali zaidi ya hapo ipakie kwenye kenta.